Dijkstra: Mholanzi aliyesaka kiini cha tarakilishi kukwama

TARAKILISHI inapokwama ghafla bila kuonyesha kosa lolote, huenda programu mbili zinangojeana, kila moja ikishikilia kile ambacho nyingine inahitaji. Aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuupiga vita ugonjwa huo ni Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyefariki Agosti 6, 2002, akiwa na umri wa miaka 72.

Alizaliwa jijini Rotterdam mnamo Mei 11, 1930. Baba yake alikuwa mwanakemia, naye mama mwanahisabati. Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden, lakini mnamo 1952 akaajiriwa na Kituo cha Hisabati cha Amsterdam kuandika programu. Kazi hiyo haikuwa ikitambuliwa. Alipofunga ndoa mwaka wa 1957, maafisa wa jiji walikataa kuiandika katika stakabadhi zake, ikambidi ajiandikishe kama mwanafizikia.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini alikabidhiwa mashine iliyoitwa X1. Mashine hiyo iliweza kukatiza kazi moja ili kuhudumia nyingine, kisha kuirejelea ile ya kwanza. Wengine walishangilia, Dijkstra aliingiwa na hofu. Kwa kuwa kukatizwa huko kungetokea wakati wowote, kosa lingeweza kujitokeza leo na kutoweka kesho, na kosa lisilorudi halisakwi kwa kuijaribu programu tena na tena. Tangu hapo alishikilia kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwa kosa lipo, kamwe si kuthibitisha kuwa halipo.

Alihamia Eindhoven kama profesa mnamo 1962. Mholanzi mwenzake, Theodorus Dekker, alikuwa amepata njia ya kuzuia shughuli mbili kuingia mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mnamo 1965 Dijkstra alichapisha suluhisho la shughuli nyingi. Alibuni pia semafo, kidhibiti kilichopewa jina la ishara za reli: shughuli hupita njia ikiwa wazi, la sivyo husubiri hadi iliyo ndani itoke.

Mwaka huo huo aliwatungia wanafunzi swali la mtihani kuhusu tarakilishi tano zinazong'ang'ania vifaa vya kanda. Baadaye Mwingereza Tony Hoare aliligeuza kuwa kisa cha wanafalsafa watano mezani, kukiwa na uma mmoja kati ya kila wawili, na kila mmoja akihitaji nyuma mbili ili ale. Wote wakichukua uma wa kushoto kwa pamoja, hakuna atakayekula, wala hakuna aliyekosea. Hapo ndipo penye ugumu wa kumtafuta mkosaji.

Alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka wa 1972, na kati ya 1984 na 1999 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, Marekani. Ulimi wake ulikuwa mkali, na wengi walimwona mwenye majivuno. Ajabu ni kwamba gwiji huyu aliandika zaidi ya makala 1,300, nyingi kwa kalamu ya wino, akazipa nambari na kuwatumia wenzake nakala.

Saratani ilimuua nyumbani kwake Nuenen, Uholanzi. Mwaka huo huo makala yake ya 1974, kuhusu mifumo inayojirekebisha yenyewe baada ya hitilafu, ilitunukiwa tuzo ya wataalamu wa tarakilishi zinazofanya kazi kwa pamoja. Tuzo hiyo sasa ina jina lake.