Mtakatifu Yoane Bosco, Baba wa Vijana na Rafiki wa Fanfari

Katika sikukuu zetu zote, fanfari inatangulia maandamano na watoto wanaifuata mbio. Wakristu wengi wanaipenda. Wengine wanauliza kwa nini tutafute tarumbeta wakati jamaa nyingi zinakosa chakula. Ulizo hilo si baya. Ili kulijibu, tumeona vema kusimulia, katika jubile hii, maisha ya padri mmoja aliyezaliwa maskini, ambaye hakukubali kutenga muziki na kazi ya kuokoa vijana.

Yoane Bosco alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 8 mwaka wa 1815 huko Becchi, kijiji cha wakulima katika Italia ya kaskazini. Baba yake alifariki mwaka wa 1817, na Mama Margherita alilea watoto katika kazi na sala. Akiwa bado mdogo, Yoane alijifunza michezo ya sokoni: kutembea juu ya kamba na kufanya viinimacho. Majirani walikuja kutazama. Hakuwatoza kitu, ila aliwataka wasali rozari pamoja naye na kusikiliza mahubiri aliyoyasikia kanisani. Hivyo alijua mapema kwamba furaha inakusanya watu, na watu waliokusanyika wanaweza kusikia neno la Mungu.

Alipokuwa akisoma Castelnuovo, alikaa kwa mshona-nguo mmoja aliyeongoza waimbaji wa parokia. Kwake alijifunza kuimba na kupiga vyombo vya muziki. Lakini baadaye, akiwa mseminari, aliombwa kupiga fidla katika nyumba ya jamaa yake siku ya sikukuu ya kijiji. Aliposikia kelele nje alichungulia, akaona watu wamejaa uani wakicheza dansi kwa muziki wake, yeye aliyekuwa akikemea dansi za namna hiyo. Alirudi kwao, akaivunja ile fidla vipande vipande. Tusidhani kwamba alichukia muziki. Alitaka mpigaji ajue anamtumikia nani.

Alipewa upadri tarehe 5 mwezi wa 6 mwaka wa 1841, akaenda kukaa Torino. Mji huo ulijaa vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi, na wengi wao waliishia gerezani. Tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka ule ule, msakristia alimpiga kijana mwashi aliyeingia sakristia asijue kutumikia Misa. Jina lake Bartolomeo Garelli, yatima wa miaka 16. Don Bosco alimwita arudi. Alimwuliza kama anajua kusoma na kuandika, hakujua. Kama anajua kuimba, hakujua. Kama anajua kupiga mluzi, kijana akacheka. Kwa kicheko hicho mlango ulifunguka. Walisali pamoja Salamu Maria, na katekisimu ikaanza.

Vijana waliongezeka, na majirani walichoka na kelele zao. Walifukuzwa mahali pengi, mpaka Pasaka ya mwaka wa 1846, walipopata kibanda cha Pinardi huko Valdocco. Hapo Don Bosco aliweka masomo ya jioni, shule ya kuimba, kisha karakana za washona-viatu na washona-nguo, na fanfari. Kila mwaka, majira ya mavuno ya zabibu, alitembea na vijana vijiji kwa vijiji. Fanfari ilitangulia, wanakijiji wakatoka, na mapadri wakawapa chakula na mahali pa kulala. Kesho yake vijana hao hao waliimba Misa. Waliodharauliwa mjini walipokelewa kwa heshima.

Yoane Cagliero, mwanamuziki aliyekulia Valdocco, ndiye aliyeongoza wamisionari wa kwanza wa Wasalesiani kwenda Argentina mwaka wa 1875. Don Bosco alifariki tarehe 31 mwezi wa 1 mwaka wa 1888. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu siku ya Pasaka mwaka wa 1934. Wanawe walifika Kongo mwaka wa 1911, huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Hapa Goma tunawafahamu kwa chuo cha ITIG na kwa nyumba ya Ngangi, iliyopokea mayatima, watoto wa barabarani, na jamaa nyingi zilizokimbia vita.

Basi, jibu la ulizo letu ni hili. Tarumbeta haishibishi mwenye njaa. Lakini mtoto aliyezoea kufukuzwa, akipewa chombo, mwalimu na nafasi katika mstari, anajua kwamba Kanisa linamhitaji. Fanfari ikiwa pambo la sherehe tu, au ya watoto wa wenye mali peke yao, afadhali ipate mwisho wa ile fidla. Ikiwa mlango wa maskini, tuitunze. Mji wetu, uliochomwa na Nyiragongo na kujeruhiwa na vita, una akina Garelli wengi wanaosimama mlangoni.

Mtakatifu Yoane Bosco, utuombee.