Friedrich Froebel na Vipande Vinane vya Mbao

Friedrich Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili, 1782, katika kijiji cha Oberweissbach, Ujerumani. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt kwa nia ya kujifunza usanifu wa majengo, lakini huko Gruner, mkuu wa shule moja, alimshawishi aingie darasani, naye akatambua kuwa wito wake ulikuwa ualimu. Baadaye alisoma elimu ya madini mjini Berlin, ambako aliona jinsi fuwele zenye maumbo mengi zinavyofuata kanuni chache.

Mwaka 1837 alianzisha kituo cha watoto wadogo huko Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akakiita bustani ya watoto. Hapo ndipo asili ya shule za chekechea.

Miongoni mwa vifaa alivyobuni ni mchemraba wa mbao uliogawanywa kuwa michemraba midogo 8. Kanuni zake zilikuwa mbili: vipande vyote vitumike, na umbo jipya lipatikane kwa kuhamisha vipande vya umbo lililotangulia, si kwa kulibomoa. Hivyo kiti kiligeuka ngazi, na ngazi ikageuka mnara, hatua kwa hatua.

Tukichunguza vema, tutaona kuwa mtungaji wa programu za kompyuta naye hufanya vivyo hivyo: huanza na vitu vichache, huweka kanuni wazi, kisha hupanga hatua zake kwa utaratibu. Mwaka 1980, George Stiny alichapisha makala iliyotumia vipande vya Froebel kuonyesha jinsi usanifu unavyoweza kuandikwa kwa kanuni. Njia hiyo imetumika kuwafundisha wanafunzi wa usanifu majengo misingi ya ukokotoaji.

Froebel mwenyewe hakuvuna matunda ya kazi yake. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule hizo. Yeye akafariki tarehe 21 Juni, 1852, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1860.

Sisi walimu wa shule za msingi tunaweza kuchonga vipande 8 kwa mbao za kawaida. Mwanafunzi asiharakishwe kubomoa. Kwanza aeleze ni kipande gani atakachokihamisha, kiende wapi, na kwa sababu gani. Akizoea kueleza hatua zake, atakuwa amejifunza kufikiri kwa utaratibu hata kabla hajaiona kompyuta.