Masinde Muliro: Mtu wa Bungoma Aliyepima Kiti na Amana

Siku hizi likitajwa jina la Masinde Muliro, kijana hufikiri chuo kikuu kilichoko Kakamega, na mwingine hufikiri bustani ya mji huo huo. Jina hubaki katika vibao, lakini matendo ya mwenyewe husahaulika. Kwetu Mwambao ndiyo kabisa. Marehemu Ronald Ngala twamjua, na barabara zetu na shule zetu zina jina lake. Lakini naibu wake katika chama cha KADU, aliyekaa naye meza moja wakati wa kuigombea katiba ya nchi hii, wachache ndio wamjuao. Leo nimeonelea nieleze maisha ya mtu huyo, kwani ndani yake mna swali linalotuhusu sote: mhaini ni nani hasa? Ni yule anayewapinga wakubwa, au ni yule anayenyamaza huku amana ya watu ikiliwa?

Henry Pius Masinde Muliro alizaliwa tarehe 30 Juni 1922 huko Matili, Kimilili, katika nchi ambayo leo ni Bungoma. Nimepata kupita sehemu hizo. Ni nchi ya rutuba, mahindi yamesimama pande zote za njia, na Mlima Elgon umeziinamia nyumba za watu kama mzee anayechunga wajukuu. Kutoka hapo hadi Kitale si mwendo mrefu. Lakini zama za mkoloni mwendo huo mfupi ulikuwa sawa na kuvuka bahari. Kimilili ilikuwa ardhi ya Waafrika, na Trans Nzoia, ambayo Kitale ndio mji wake, ilitengwa iwe nchi ya masetla. Mtu wa Bungoma akiingia huko aliingia kama kibarua.

Wala watu wa huko hawakulikubali jambo hilo kimya kimya. Mwaka 1948, tarehe 10 Februari, polisi walifyatua risasi penye mkusanyiko wa wafuasi wa Dini ya Msambwa huko Malakisi, na watu 11 wakauawa. Kiongozi wao Elijah Masinde, naye pia mtu wa Kimilili, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Ndiyo kusema kisiwa chetu kilifanywa jela ya mtu wa Elgon, bila ya yeye wala sisi kuulizwa. Huyo si Muliro, ingawa majina yanashabihiana. Elijah alishika mila za wahenga, naye Muliro alishika kitabu. Lakini dhuluma waliyoiona ilikuwa moja.

ELIMU NA SIASA

Baada ya kusoma Tororo nchini Uganda, Muliro alikwenda mbali zaidi, hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Huko aliyakuta makaburu wamekwisha kushika serikali tangu 1948 na sheria za ubaguzi wa rangi zikitungwa mwaka hadi mwaka. Nadhani hapo ndipo alipojifunza somo ambalo halikumtoka maishani: kwamba dhuluma kubwa haiji na bunduki peke yake, huja pia na karatasi iliyopigwa mhuri na kupitishwa Bungeni.

Alirudi Kenya katikati ya miaka ya 1950 akawa mwalimu, na haukupita muda akaingia katika siasa. Mwezi Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu. Muliro alikipata cha Nyanza ya Kaskazini, akaingia pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi na wenzao. Wajumbe hao wakakataa vyeo vya uwaziri chini ya katiba ya mkoloni, wakidai viti zaidi kwa Waafrika. Mwaka uliofuata, Waafrika waliokubali kugombea viti maalumu vya mkoloni waliitwa wasaliti, na wajumbe saba wakafikishwa mahakamani kwa maneno hayo wakatozwa faini. Msomaji alishike jambo hilo. Neno usaliti lilianza mapema katika siasa za Kenya, na litarudi tena mbele.

Mwezi Juni 1960 vyama vya makabila madogo vilikutana Ngong vikaunda KADU. Ngala akawa rais wa chama, Muliro makamu wake. Walichokihofia ni kwamba mkoloni akiondoka nguvu zote zingebaki katika mkono mmoja Nairobi, na kwa hiyo walitaka majimbo. Wengi waliwalaumu kwa ukabila, na lawama hiyo haikukosa msingi, kwani Muliro mwenyewe aliteta na wenzake wa Bonde la Ufa kuhusu Kitale: aliitaka iwe Jimbo la Magharibi, na mwishowe ikawekwa Bonde la Ufa.

Hata hivyo, tukiangalia yaliyofuata, hofu yao haikuwa ya bure. Katiba ya 1963 ilikuwa na Baraza la Seneti, mabaraza ya majimbo, na orodha ya haki za raia. Vifungu vikubwa kabisa havikuweza kuguswa ila kwa robo tatu ya Baraza la Wawakilishi na tisa ya kumi ya Seneti. Nasi wa Mwambao tulikuwa na letu humo. Mwezi Oktoba 1963 Jomo Kenyatta kwa upande wa Kenya na Mohamed Shamte kwa upande wa Zanzibar waliandikiana kwamba maili kumi za Sultani zitaingia Kenya, na kwamba Waislamu watabaki na makadhi wao. Mamlaka ya nchi nzima yalipatikana kwa ahadi, na ahadi ilihifadhiwa katika katiba. Katiba ikitikisika, kila aliyeahidiwa kitu hutikisika nayo.

BANDU BANDU

Lakini bandu bandu huisha gogo. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe na wabunge wake wakahamia upande wa KANU, Muliro akiwa miongoni mwao. Walisema ni kwa ajili ya umoja wa taifa. Kwa tendo hilo waliofunga mlango ndio walioutoa ufunguo wakaukabidhi, na hilo halifichiki katika historia yao. Mwezi uliofuata Kenya ikawa Jamhuri na mamlaka ya majimbo yakaanza kunyofolewa. Mwaka 1965 kile kiwango kirefu cha kura kikashushwa hadi asilimia 65. Mwaka 1966 Bunge likaipa Serikali uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani, nayo Seneti ikaunganishwa na baraza la pili na kutoweka. Mwaka 1969 KPU, chama cha Odinga, kikapigwa marufuku.

Muliro aliyaona yote hayo akiwa ndani. Alikuwa Mbunge wa Kitale Mashariki, kisha Waziri wa Ushirika na baadaye Waziri wa Ujenzi. Bendera ilipepea katika gari lake, na angalikuwa mtu wa kuridhika na shibe yake, hadithi hii ingaliishia hapo.

Mwezi Machi 1975 J. M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alitoweka Nairobi, na maiti yake ikaonekana katika vilima vya Ngong ikiwa na majeraha ya risasi. Bunge likaunda Kamati Teule, na mwenyekiti wake akawa Elijah Mwangale, Mbunge kutoka Bungoma. Ripoti ilipoletwa mwezi Juni, Serikali ilitaka Bunge liitazame tu na kuiweka kando. Wabunge wakataka waikubali. Hesabu ikapigwa, na Serikali ikashindwa kwa kura 62 dhidi ya 59.

Msomaji atazame tofauti hiyo ya kura tatu. Waziri Muliro alipiga kura dhidi ya Serikali yake mwenyewe, na manaibu waziri John Keen na Peter Kibisu wakafanya vivyo hivyo. Alijua fika kwamba waziri hutakiwa ama aifuate Serikali ama ajiuzulu. Mzee Kenyatta hakungoja. Wote watatu wakafukuzwa mara moja. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo Martin Shikuku na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya Bunge lenyewe wakawekwa kizuizini.

Kwa wakubwa, Muliro alikuwa amewasaliti. Lakini sisi tuliolelewa katika mafunzo ya dini twajua kwamba khiyana ni kuivunja amana, na kwanza hapana budi kuuliza amana ni ya nani. Kiti cha uwaziri alipewa na Rais, lakini kiti cha Bunge alipewa na wakulima wa Kitale. Siku ile vitu viwili hivyo viligongana, naye akakirudisha kile cha kwanza ili asikikhini cha pili.

NENO LINALOGEUKA

Miaka iliyofuata ilionyesha jinsi neno usaliti linavyogeuka mkononi mwa mwenye nguvu. Mwezi Juni 1982 Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria, kwa kifungu kilichojulikana kama 2A. Mwaka 1983 Mwangale yule yule wa Bungoma alisimama Bungeni akamtaja Charles Njonjo kuwa ndiye msaliti aliyekuwa akitajwa na Rais Moi. Njonjo aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wakati katiba ikichongwa, sasa yeye mwenyewe alikuwa mbele ya tume ya uchunguzi. Mwaka 1988 wananchi walipiga kura kwa mlolongo, na majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi yao. Mwaka 1990 Koigi wa Wamwere alishtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, wakati Kenneth Matiba na Charles Rubia wakiwa kizuizini kwa kudai vyama vingi.

Katika hali hiyo, mwaka 1991, wazee sita walijitokeza kuunda FORD: Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka, na Ahmed Bamahriz wa Mombasa. Muliro alikuwa na umri wa miaka 69, umri ambao wengine hukaa barazani wakahesabu tasbihi au wajukuu. Mzee wa Kitale na mtu wa Mombasa wakawa safu moja. Mwezi Desemba mwaka huo kifungu 2A kikafutwa.

Yeye hakuuona uchaguzi wa vyama vingi. Tarehe 14 Agosti 1992, akirudi kutoka London, alianguka katika uwanja wa ndege wa Nairobi akafa. FORD ikapasuka vipande viwili kabla ya mwaka kwisha, na mwezi Desemba KANU ikashinda. Wengi walimtazama Muliro kama mtu ambaye angaliweza kuwakalisha pamoja waliogombana. Hilo hatutalijua kamwe.

Katiba ya 2010 ilizirudisha nyingi za haki zilizochongwa, ikaleta magatuzi 47, Bungoma na Trans Nzoia zikiwamo, na ikawaacha makadhi mahali pao. Humo imeandikwa kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, na kwamba haki zao za msingi hazibadilishwi ila kwa kura ya maoni. Basi ufunguo safari hii tumekabidhiwa sisi wenyewe. Gogo la kwanza halikuangushwa kwa shoka moja. Lilikwisha kibanzi kwa kibanzi, na kila kibanzi kilipoanguka palikuwa na watu wema waliosema ni kidogo tu. Atakapokuja tena mtu kutuambia hivyo, tukumbuke kura tatu za mwaka 1975, na yule waziri aliyekubali kushuka garini akaenda kwao Kitale kwa miguu yake.