Aliacha shule, akaiokolea Ufaransa mizabibu

Ukisikia divai ya Ufaransa, unawaza mabwenyenye na glasi ndefu, sivyo? Basi hizo glasi zina deni kwa kijana aliyetua Marekani mwaka 1860 akiwa na miaka 17, bila digrii, akaenda kufanya kazi shambani Illinois.

Anaitwa Charles Valentine Riley. Alizaliwa London mwaka 1843, akasomea Ufaransa na Ujerumani, kisha akaachana na masomo. Chuo kikuu hakukanyaga. Alichokuwa nacho ni jicho kali, mkono wa kuchora na mapenzi ya wadudu ambao mimi na wewe tungewaponda tu. Alikuwa mwandishi wa gazeti la wakulima Chicago, na mwaka 1868 jimbo la Missouri likamwajiri kuwa mtaalamu wake wa wadudu. Alikuwa na miaka 24!

Wakati huo Ufaransa ilikuwa inalia. Mizabibu ilinyauka shamba baada ya shamba. Mwaka huohuo, Jules Émile Planchon na wenzake waling'oa mizizi wakakuta vidudu vidogo vya manjano vikifyonza utomvu. Ni filoksera. Wengi walibisha, wakisema vidudu vimekuja baada ya ugonjwa, si kabla.

Lakini Riley alishaona mdudu kama huyo Marekani, kwenye mizabibu pori, akiyajaza majani vivimbe. Mwaka 1871 alivuka bahari, akalinganisha, akathibitisha: ni mdudu yuleyule. Alisafiri kwa miche iliyoletwa kutoka Marekani.

Sasa shika hapa. Mzabibu pori unamfuga mdudu huyu na haufi, kwa sababu mizizi yake inamvumilia. Wa Ulaya hauna kinga hiyo; akiingia mizizini, kwisha. Ghala la ugonjwa ni mmea wa porini unaoonekana mzima kabisa.

Na dawa? Ilikuwa kwenye mmea huohuo. Riley na Planchon walihimiza wakulima wapandikize mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Marekani, kama wakulima wetu wanavyopandikiza maembe. Wafaransa waligoma kwanza, wakihofia ladha ya divai itaharibika. Mwishowe walikubali, na hadi leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya imesimama kwa mizizi yenye asili ya Marekani. Ufaransa ilimtuza nishani ya dhahabu.

Riley alikufa Septemba 1895 jijini Washington, siku chache kabla ya kutimiza miaka 52. Baiskeli yake iligonga jiwe akiteremka mlima.

Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo hadithi hii inanigusa. Ila usidanganyike: Riley aliacha darasa, hakuacha kusoma. Missouri pekee aliandika ripoti tisa, na Charles Darwin alizisifu. Kwa hivyo kabla ujitetee kwa jina lake, jiulize: wewe umeandika ngapi?