Walter Rodney, msomi aliyevuka lango la chuo

Kila nikiwasikia vijana wetu wa vyuo wakijadili haki na usawa ukumbini, humkumbuka marehemu Walter Rodney. Alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1942, akapata udaktari wa historia London akiwa na miaka 24. Mwaka 1968, akisomesha chuo kikuu Jamaika, alikuwa akitoka kwenda kuketi na Warasta na maskini wa Kingston, akiwafunza na kuwasikiliza. Serikali ikamfungia nchi, wanafunzi wakaandamana. Akarejea Dar es Salaam, alikowahi kufundisha, akasomesha hadi 1974. Juni 1980 aliuawa kwa bomu kwao Georgetown.

Nauliza: mijadala yetu itavuka lango lini, imfikie mvuvi na hamali?