Bula Matari: jina la mvunja mawe

Wandugu wachimbaji wa Fizi na Baraka, jina Bula Matari mulilisikia kwa wazee, wakisimulia kodi na fimbo za zamani. Lakini kwanza lilikuwa jina la mtu mmoja, na maana yake inatugusa: mvunja mawe.

Mtu huyo ni Henry Morton Stanley. Alizaliwa Wales mwaka 1841, jina lake John Rowlands, mtoto asiye na baba wa kumtunza, akalelewa kwenye nyumba ya maskini. Mwaka 1859 akavuka mpaka Marekani, akachukua jina la Stanley, kisha akawa mwandishi wa gazeti. Mwaka 1871 akamkuta Livingstone pale Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu, wakaenda pamoja mpaka mto Ruzizi unapoingia ziwani. Mwaka 1876 akazunguka Tanganyika yote kwa mashua.

Mwaka 1879 mfalme Leopold II wa Ubelgiji akamtuma kule Bas-Congo. Maporomoko yalizuia meli, ikabidi kupasua barabara milimani kuanzia Vivi. Inasimuliwa kwamba Wakongo walimuona ameshika nyundo, anafundisha watu kupasua mwamba, ndiyo wakamuita Bula Matari. Kwa Kikongo bula ni kuvunja, matari ao matadi ni mawe. Ndilo lile jina la muji wa Matadi. Lakini waliopiga nyundo kutwa nzima ni wafanyakazi, wengi wa kutoka Zanzibar. Wengine walikufa palepale. Jina likabaki kwa Stanley.

Kisha likamtoka hata yeye. Wafaransa wanasema sheria kali ni draconien, juu ya Drakon, mtunga sheria wa Athens ya kale. Kwetu vilevile: tangu wakati wa mpira wa Leopold, tena chini ya Wabelgiji kuanzia 1908, kila muzungu wa kodi akaitwa Bula Matari, mwishowe Leta yenyewe. Stanley alikufa London mwaka 1904, na ile jina iliandikwa kwenye jiwe la kaburi lake.

Wale waliovunja mawe ya Vivi, nani anayajua majina yao? Ndiyo maana sisi wa sendika tunasisitiza daftari kwenye kila shimo: anayeshuka aandikwe kwanza. Shimo likibomoka, mjane hawezi kudai haki ya mtu asiyeandikwa popote.