Marconi: Baba wa redio aliyeumbuliwa na mfanya mazingaombwe mbele ya umati

Juni 4, 1903, watu walijaa ukumbi wa Royal Institution jijini London kushuhudia ujumbe ukisafiri hewani bila waya. Profesa John Ambrose Fleming alikuwa akihutubia. Mwenye teknolojia, Guglielmo Marconi, alikuwa Poldhu, Cornwall, karibu kilomita 400 kutoka hapo, akijiandaa kutuma.

Kabla ya zamu yake, mashine ikaanza kugonga. Neno la Kiingereza lenye maana ya panya likajirudia, kisha yakafuata mashairi ya kumkejeli Mtaliano anayewazuga watu. Marconi alikuwa amedukuliwa, miaka mingi kabla watu hawajalijua neno hilo.

Kijana wa Bologna

Marconi alizaliwa Aprili 25, 1874, Bologna, Italia. Baba yake alikuwa Mtaliano mwenye mali, na mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland kwenye ukoo maarufu kwa wiski. Hakuwa na digrii, lakini alikuwa king'ang'anizi.

Mwaka 1895, akiwa na miaka 21, alirusha mawimbi hadi ng'ambo ya kilima karibu na nyumba yao. Kaka yake Alfonso, aliyekuwa upande wa pili, akafyatua bunduki kumjulisha kuwa yamefika. Mwaka uliofuata alihamia Uingereza, na 1897 akafungua kampuni. Desemba 1901 alitangaza kuwa amepokea herufi moja kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Dunia ikampigia makofi.

Tatizo lililojulikana

Shida ni kwamba wimbi la redio halichagui sikio. Ukirusha, mwenye chombo cha kupokea anaweza kunasa. Wateja, hasa wanajeshi, walitaka kujua: siri zetu zitakuwa salama?

Jibu la Marconi lilikuwa hataza namba 7777 ya mwaka 1900. Kila mtambo ungewekwa kwenye masafa yake, na ambaye hajayalenga asingesikia kitu. Kweli, hilo lilipunguza mwingiliano. Ila halikuwa kufuli. Akitokea mtu akayapata masafa yako, anasikia kila kitu.

Nevil Maskelyne, mfanya mazingaombwe wa London, alilijua hilo. Alikuwa amelipwa na Eastern Telegraph, kampuni ya nyaya za chini ya bahari ambayo kampuni dada yake ndiyo iliyofikisha waya Zanzibar mwaka 1879. Kwao, mawimbi yasiyo na waya yalikuwa tishio la biashara. Maskelyne akasimika mlingoti Cornwall, akanasa ujumbe wa Marconi kwa meli, na 1902 akaanika matokeo yake kwenye jarida. Hakuna kubwa lililobadilika, ndipo akaamua kuonyesha hadharani.

Fleming alikasirika, akaandika gazetini kuomba msaada wa kumpata mhusika. Maskelyne akajitokeza mwenyewe kwenye gazeti hilohilo na kueleza kuwa alitaka umma uujue udhaifu huo.

Usiku wa Titanic

Marconi hakuanguka. Mwaka 1909 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Karl Ferdinand Braun. Lakini tatizo la kugombania hewa liliendelea.

Aprili 14, 1912, wahudumu wa redio wa Titanic walikuwa waajiriwa wa kampuni yake. Usiku huo meli ya Californian, iliyokuwa karibu, iliwapa taarifa za barafu. Mawimbi yake yenye nguvu yalikatiza jumbe za abiria, hivyo mhudumu wake akaambiwa anyamaze. Baadaye akazima mtambo, akalala.

Titanic ilipogonga barafu, jirani huyo hakusikia. Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ilisikia na kuokoa zaidi ya watu 700. Wengine takriban 1,500 walikufa. Hewa ileile iliyoshindwa kutunza siri za Marconi ndiyo iliyofikisha kilio cha msaada, lakini kwa waliokuwa macho tu. Mwaka huohuo Marekani ikazilazimisha meli kubwa kuwa na mtu wa kusikiliza redio muda wote.

Marconi alijiunga na chama cha Mafashisti cha Mussolini mwaka 1923, doa lililobaki kwenye jina lake. Alifariki Roma Julai 20, 1937, akiwa na miaka 63.

Hadi kwenye WiFi yako

WiFi ya simu yako ni redio pia, na tatizo ni lilelile. Mwaka 2017 watafiti nchini Ubelgiji walionyesha kuwa WPA2, ulinzi uliotumika kwenye WiFi nyingi duniani, ulikuwa na tundu walilolipa jina KRACK. Kubadilisha nenosiri hakukusaidia. Dawa ilikuwa kusasisha programu za simu na za ruta.

Safari hii watafiti walizijulisha kampuni kwanza, miezi kadhaa kabla ya kutangaza, na kampuni nyingi zikatoa marekebisho. Maskelyne alipotoa onyo lake mwaka 1902, Marconi aliendelea na maonyesho yake kama kawaida. Ruta yako ikileta taarifa ya sasisho, usiipuuze.